Maneno Yaliyokataa Kigoda

Kidole gumba cha Mwanatabu kilipanda juu ya kioo cha simu, kikasimama kidogo, kikapanda tena. Nilikuwa nimeketi kando yake kwenye benchi la zahanati nikikitazama kidole kile kama mgonjwa anayemtazama daktari akisoma matokeo yake. Maneno yaliyokuwa yakipita chini ya kidole hicho yalikuwa yangu. Yalinichukua siku nne kuyaandika.

"Haya, mama," Sista Rosalia akamwuliza. Yeye ndiye muuguzi mkuu wa zahanati hii ya kanisa letu, hapa Utange, na alikuwa amesimama mbele yetu na karatasi yake ya alama. "Mtoto wako ameshikwa na homa sasa hivi. Huo ukurasa unasema umlete lini?"

"Wallahi sijafika huko, sista. Nimefika kwa wahenga."

Akina mama wengine benchini wakacheka. Mwanatabu alikuwa na buibui lake, mtoto amemlaza mapajani, na hakuwa mtu wa kuharakishwa.

"Endelea kutafuta," Sista akamwambia.

"Natafuta. Hapa naona lulu. Hapa mboni ya jicho." Kidole kikapanda. "Hapa joto limepanda ghafla bin vuu. Sasa hebu niambie, mtoto ananichemkia mgongoni, hizi lulu nizipeleke wapi?"

Benchi zima likacheka tena, nami nikacheka nao, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu na kusema hajaumia.

Sista Rosalia aliwajaribu watano asubuhi hiyo ya Jumanne. Kila mmoja alipewa simu na maswali matatu: Umlete mtoto lini? Uje na nini? Ukiona dalili gani, usingoje hata dakika? Mmoja tu ndiye aliyejibu yote matatu, naye alikuwa mwalimu wa chekechea.

Sista alinivuta kando, karibu na mizani ya watoto.

"Mweri, kuandika unajua. Hii yako ni tamu kama wimbo. Lakini mtoto ameshikwa na degedege, na mamake bado yuko kwa wahenga."

Gedion, kijana aliyetengeneza tovuti ya zahanati, akageuza kompyuta yake ndogo nione. Ukurasa wa zamani, ule uliotafsiriwa na kampuni ya Nairobi, ulikuwa umefunguliwa mara mia mbili na kumi na nne. "Lakini cheki hapa, Mama Linda. Wengi hukaa sekunde kumi na moja, halafu wanatoka. Si kwamba hawasomi. Wanasoma sekunde kumi na moja."

Nikachukua simu yangu, nikajipima. Kwa sekunde kumi na moja nilisoma hivi: *Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hakika, afya ya mtoto ni lulu isiyo na kifani, nayo yafaa kulindwa mithili ya mboni ya* — basi. Hata jicho lenyewe sikulifikia.

"Alhamisi nitawajaribu wengine," Sista akasema. "Wanne kati ya watano wakijibu yote, kazi ni yako. Wasipojibu, kamati imeniambia tuirudishie kampuni. Sitakuficha."

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika kurasa zote kumi na saba za tovuti, kwa Kiswahili ambacho mama anaweza kukisoma amesimama, kisha kubaki hapo kwenye dawati la mapokezi kuzitunza na kujibu wanaouliza. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwangu. Kwa mtu mwingine huenda isiwe kitu. Mimi nilikuwa nikifanya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Shelly Beach, ng'ambo ya Likoni. Nilikuwa nikiondoka saa kumi na moja alfajiri, Linda amelala, na kurudi Linda amelala. Ana mwaka mmoja na miezi minne. Nilijua uzito wake na harufu ya nywele zake, lakini meno yake mawili ya juu nilisimuliwa. Neno lake la kwanza lilikuwa "mama", naye alimwambia nyanyake.

Nilikuwa nimeomba hotelini likizo ya wiki moja kwa ajili ya jaribio hili. Jumanne ilikuwa inaisha.

Nilipofika nyumbani, mavyaa wangu alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua kunde. Jina lake ni Nyamvula, na tangu nijifungue ameacha shamba lake kule Kaloleni na kuja kutulelea mtoto, maana mume wangu Ruwa hushinda kwenye mabohari ya Changamwe akitafuta kibarua. Linda alikuwa akisukuma kigoda uani. Ndivyo alivyojifunzia kutembea: anakishika kwa mikono miwili, anakisukuma, kigoda kinakwaruza sakafu, yeye anakifuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huo uso umeutoa wapi?"

"Ni uso wangu tu."

"Wako naujua mimi. Huo si wako."

Nikamweleza yote, mpaka kicheko cha Mwanatabu. Akapukuchua kunde mbili tatu, kisha akasema, "Nisomee."

Nikasimama mbele yake na kusoma kwa sauti, tena kwa madaha, kwa sababu moyoni bado nilikuwa upande wa maneno yangu. Sikuwa nimemaliza sentensi ya kwanza alipoinuka, akachukua kigoda mikononi mwa Linda, akakiweka mbele yangu, huku mtoto akipiga kelele.

"Keti."

"Nasoma, mama."

"Ndiyo, keti usome. Maana naona umekuja kutembea."

"Kutembea?" nikauliza.

"Sikiliza, mwanangu. Ruwa alipokuwa kama huyu, nilimwacha kwa mamangu nikaenda kupalilia ng'ambo ya bonde, nikilala kibandani huko. Siku ya tatu nikamwona mke wa jirani anakuja. Yule mama alikuwa mzungumzaji hasa! Akija kuomba chumvi, ataanza na mvua za mwaka juzi. Akapiga hodi, nikamvutia kigoda kama kawaida. Akakikataa. Akasimama pale pale mlangoni. Nakwambia, hajafungua kinywa, mimi nilishaanza kutafuta leso yangu. Akasema, 'Mtoto anachemka. Hanyonyi. Njoo sasa.' Nikamwuliza yuko wapi, akanijibu. Nikamwuliza nichukue nini, akanijibu. Basi. Mtoto alipopoa, siku ya pili, ndipo yule mama alipoketi akanihadithia yote, mpaka jinsi kuku walivyotawanyika."

Akarudi kwenye kunde zake.

"Huyo mjumbe wako ana maneno mazuri. Lakini ameketi."

"Mwalimu Wafula alinipa alama kumi na nane kwa ishirini kwa maneno kama haya haya," nikasema. Ilikuwa kweli. Miaka miwili nilisoma masomo ya jioni katika shule moja ya msingi hapa Kisauni, magoti yakigonga madawati ya watoto, na nilipofungua insha yangu kwa methali, Mwalimu Wafula aliisomea darasa zima. Watu wazima, walinzi, wauza samaki, mafundi wa cherehani, wote wakanipigia makofi. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi kabla ya siku hiyo.

"Mwalimu Wafula alikuwa na homa?" mavyaa akauliza.

"Hapana, mama."

"Alikuwa ameketi?"

"Ndiyo."

"Haya basi."

Asubuhi ya Jumatano, baada ya chai, nilitoka nje, nikafunga mlango, nikapiga hodi. Mavyaa alikuwa ndani na Linda kiunoni. Tulikuwa tumekubaliana hivi: mimi ni mjumbe, yeye ni mama mwenye mtoto. Nimwambie. Akiona neno linaketi, atanikatiza.

"Mama, ni muhimu kuzingatia kwamba mtoto anapo—"

"Umeketi."

Nikafunga mlango tena. "Hodi. Mama, homa kwa watoto walio chini ya miaka mitano husababishwa na mambo mengi, yakiwemo malaria, maambukizi ya—"

"Umeketi, tena umeomba maji ya kunywa."

Mara ya tatu nikasema homa inapozidi mtoto apelekwe katika kituo cha afya kilicho karibu. "Apelekwe na nani?" akauliza. "Kituo gani? Wewe si umetoka huko huko?" Jirani aliyekuwa akianika nguo alisimama na kikapu chake kututazama. Mara ya tano nilikuwa natokwa na jasho, na hasira kidogo, nikafungua mlango kwa kishindo.

"Mtoto ana homa? Mlete kwetu leo!"

Mavyaa hakusema nimeketi. Kisha, taratibu, kama mama yeyote, akaanza kuuliza.

"Ningoje kesho nione?"

"Usingoje."

"Na akizidiwa njiani? Nitajuaje kwamba amezidiwa?"

Nikamwambia. Nilikuwa na daftari mkononi, nikawa naandika swali lake kwanza, halafu jibu langu, kwa mpangilio ule ule aliouliza yeye. Akauliza aje na nini. Akauliza usiku je. Akauliza kama ampe ile dawa iliyobaki ya mtoto wa jirani, nami nikasema asimpe, nikashtuka, kwa sababu katika ukurasa wangu wa lulu nilikuwa nimelisahau kabisa jambo hilo. Maswali yake yakawa vichwa vidogo vya habari. Sikuongeza hata kimoja cha kwangu. Tulipomaliza, ukurasa ulianza hivi:

*Mtoto ana homa? Mlete zahanati leo. Usingoje kesho.*

*Njoo sasa hivi, saa yoyote, ukiona: ameshikwa na degedege; hanyonyi wala hanywi; anatapika kila kitu; amelala na haamki vizuri; au ana homa na hajafika miezi miwili.*

*Nije na nini? Kijitabu chake cha kliniki, na dawa yoyote uliyokwisha kumpa.*

Wahenga wangu sikuwatupa. Niliwaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari, pamoja na lulu na mboni ya jicho, wangoje. Ipo siku mtoto atakuwa amepona, na mtu ataketi.

Gedion alipouona ukurasa alikuna kichwa. "Ni huu tu? Mama Linda, watasema hatujafanya kazi."

"Pima," nikamwambia.

Akaangalia saa yake na kusoma kimya kimya. "Sekunde nane nimeshajua nifanye nini," akasema. Akauweka kwenye tovuti.

Alhamisi benchi lilijaa mapema. Nilikuwa nimefunga leso kiunoni kwa fundo, kama mtu anayekwenda kupigana. Sista Rosalia alichagua mama wa kwanza, akampa simu. Akajibu yote matatu. Wa pili akajibu yote, tena akamsomea mwenzake. Wa tatu alisoma kwa kunyoosha kidole, neno baada ya neno, midomo ikimcheza, nikaogopa. Akafika mwisho wa mistari ile ya dalili, akainua uso, akazitaja zote tano bila kutazama.

Wa nne aliitwa Carolyne, msichana mdogo mwenye mtoto mchanga. Lini? Leo. Uje na nini? Kijitabu na dawa. "Na usiku, mtoto akishikwa na degedege?" Sista akauliza.

"Nije. Kwanza nipige simu nijue kama mlango uko wazi."

"Piga basi, tuone."

Carolyne akatafuta namba. Chini ya ukurasa kulikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa *Wasiliana nasi*. Akakigusa. Ikafunguka fomu: jina lako, barua pepe yako, ujumbe wako. Akaitazama fomu ile, akanitazama mimi, machozi yakaanza kumlengalenga.

"Barua pepe sina," akasema.

Sista Rosalia akaandika alama ya mkasi, ya kukosa, kwenye karatasi yake. Nilisikia kalamu.

Akabaki mmoja. Sista akatazama huku na huku, na kabla hajachagua mtu, sauti ikatoka mwisho wa benchi. "Mimi nipo. Nimekuja kumpima mtoto uzani, na ile simu naidai tangu juzi." Alikuwa Mwanatabu.

"Wewe umeshauona," Sista akasema.

"Nilichokiona juzi ni wahenga. Huu mpya sijauona. Lete."

Akapewa. Kidole gumba kikaenda juu ya kioo, na safari hii hakikupanda. Kilisimama pale pale mwanzo. Akasoma. Akajibu la kwanza, akajibu la pili, akajibu la tatu, kisha akairudisha simu kwa vidole viwili kama kitu kilichomchoma.

"Umeelewa?" Sista akauliza.

"Nimeelewa. Lakini nimefokewa."

"Umefokewa na nani?"

"Na huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Mtoto ana homa, mlete, usingoje! Ni nani, askari wa kaunti? Hata pole hakuna? Mimi nimekesha na mtoto, roho iko juu, nafungua simu nakuta mtu kanisimamia mkono kiunoni. Juzi ulikuwa na adabu bila habari, dada. Leo una habari bila adabu."

Wengine wakaguna kukubali. Nami, badala ya kuumia, nikamwona yule mke wa jirani wa Kaloleni amesimama mlangoni. Kigoda alikikataa, ndiyo. Lakini mavyaa alisema kitu nilichokipita mbio: kabla ya kusimama, alipiga hodi.

"Gedion," nikaita, "mwanzoni kabisa weka: *Pole, mama.* Maneno mawili tu. Na hicho kitufe ukitoe. Andika *Tupigie simu*, na mtu akikigusa, simu ipige moja kwa moja kwa muuguzi wa zamu."

Akabofya bofya. Benchi zima lilimngoja kama watu wanaongojea chai. Mwanatabu akapokea simu tena na kusoma kwa sauti: "Pole, mama. Mtoto ana homa? Mlete zahanati leo." Akainua uso. "Sasa naam. Huyu naweza kumfungulia mlango."

Carolyne akaomba na yeye ajaribu. Akagusa kitufe, na simu ya zamu ikalia mfukoni mwa Sista Rosalia mwenyewe, tukacheka sote mpaka mtoto wa mtu akaamka na kulia.

Sista aliniita tena pale kwenye mizani. "Nilisema wanne," akaanza, akihesabu karatasi yake. "Wanne ninao. Carolyne simhesabu, yule hakushindwa na maneno yako, alishindwa na kitufe cha Gedion."

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza.

"Kitufe nacho ni maneno, sista," nikasema. "Niliyaona jana nikayapita. Nilidhani kazi yangu inaishia kwenye nukta ya mwisho."

Sista Rosalia hana tabasamu la bure, na hakulitoa. "Basi na vitufe ni vyako," akasema. "Zimebaki kurasa kumi na sita. Ule wa chanjo ndio mbaya kuliko wote, mimi mwenyewe niliuandika. Jumatatu saa mbili asubuhi. Na huyo Mwanatabu, tafuta namba yake. Usiweke kitu chochote kabla hajakitukana."

Sikukimbia nilipotoka, ila nilitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani na hataki hata tone limwagike. Nikampigia Ruwa. Kulikuwa na kelele za malori, akawa anasema "Nini? Nini?" nikamwambia, "Nimepata! Naanza Jumatatu!" na yeye akapiga ukelele ambao naamini bohari zima liliusikia. Hotelini ningekwenda kesho yake kuaga vizuri. Walinipa kazi nilipokuwa sina.

Saa kumi alasiri nilikuwa nyumbani. Jua lilikuwa bado liko juu, na Linda alikuwa macho. Nilisimama mlangoni. Mavyaa, aliyekuwa ameketi ndani, aliuinua uso na kunitazama, akaona nimesimama, akashika kifua.

"Sema."

"Nimepata, mama. Jumatatu."

Akafumba macho, midomo ikamwambia Mungu kitu ambacho hakikuwa changu. Halafu nikasikia mkwaruzo sakafuni. Linda alikuwa akisukuma kigoda. Alikisukuma kutoka ukutani, akapita nacho katikati ya chumba, kikakwama kwenye ukingo wa mkeka, akakinasua kwa nguvu za mabega yake madogo, akaja nacho mpaka kikagonga magoti yangu. Alinitazama kwa mshangao, kama anayemwona mgeni aliyefika saa isiyo yake.

Nikaketi.

Akaniwekea mikono miwili mapajani, akafungua kinywa, nikayaona meno yale mawili ya juu. "Mama," akasema.

Sikujua anamwita nani kati yetu.

"Abee," nikaitika, na kutoka kule nyuma, kwa sauti ile ile na wakati ule ule, mavyaa naye akaitika, "Abee."